Kwa nini filamu ya Uingereza huanza na nembo nyingi kiasi hiki?

The Last King of Scotland, filamu ya mwaka 2006 kuhusu utawala wa Idi Amin, ilirekodiwa Uganda kwenyewe. Lakini ukisoma majina ya waliotoa fedha, utakuta humo Scottish Screen, chombo kilichosimamia fedha za umma za filamu kule Scotland. Scotland imefikaje kwenye hadithi ya Amin? Na kwa nini filamu moja iwe na wenyewe wengi hivyo?

Watazamaji wengi huzichukulia nembo za mwanzoni kama matangazo, wakatumia muda huo kwenda kuchukua chai. Mimi huzisoma zote. Kila nembo ni mfuko uliofunguliwa, na ukizifuata moja baada ya nyingine unapata hadithi ya jinsi filamu ilivyozaliwa, ambayo mara nyingine ni ngumu kuliko ile inayooneshwa.

Kampuni huru ya filamu Uingereza kwa kawaida ni ofisi ya watu wachache. Haina studio wala majumba ya sinema. Mali yake ni haki tu: haki ya kitabu fulani, skripti, makubaliano na mwongozaji. Studio kubwa ya Marekani inaweza kulipia filamu nzima kwa fedha zake. Kampuni ndogo haiwezi, kwa hiyo mtayarishaji huiuza filamu vipande vipande kabla hata kamera haijawashwa. Film4, tawi la televisheni ya Channel 4, au BBC Film hununua haki ya kuirusha hewani na kuongeza fedha za uwekezaji. BFI, taasisi ya filamu ya taifa, huweka fedha zinazotokana na bahati nasibu ya taifa. Wakala wa mauzo huahidi kiasi fulani akitegemea nchi atakazoiuza. Ni kama mchango wa harusi, ila mchangiaji wa harusi hula pilau akaenda zake. Hawa kila mmoja ana sharti lake, na mmoja akijitoa, wengine nao huanza kusita.

Sharti linalonivutia zaidi ni la mikoa. Studio kubwa za kale, Pinewood, Shepperton na Elstree, zote ziko pembezoni mwa London, na bila kusukumwa kazi hubaki huko huko. Serikali ilipoanzisha UK Film Council, chombo cha kugawa fedha za umma za filamu, mwaka 2000, England ikapata mashirika 9 ya filamu ya mikoa. Shabaha haikuwa sanaa peke yake. Miji ya kaskazini na kati ilikuwa imefungiwa migodi na viwanda, na filamu huleta kazi: maseremala wa kujenga mandhari, madereva, wapishi, mafundi umeme, hoteli zinazojaa watu wiki nzima. Basi mkoa ukasema: nitakupa fedha, nawe njoo uzitumie kwangu.

Tazama This Is England ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Shane Meadows na kutengenezwa na Warp Films. Pamoja na Film4 na UK Film Council, ilichangiwa na mashirika mawili ya mikoa, Screen Yorkshire na EM Media. Kwa nini mawili? Warp Films ni kampuni ya Sheffield, mji wa Yorkshire. Sehemu kubwa ya picha zilichukuliwa Nottingham, ambako ni East Midlands. Ukishajua hilo, nembo zinajieleza zenyewe. Filamu hiyo ilipata tuzo ya BAFTA ya filamu bora ya Uingereza mwaka 2008.

Fedha za namna hii zinaweza hata kuhamisha mji. Tamthilia ya televisheni ya Peaky Blinders ni hadithi ya Birmingham, lakini Screen Yorkshire iliwekeza ndani yake, na mitaa mingi unayoiona ni ya Leeds, Bradford na Liverpool.

Kwa filamu ya Amin, kiungo kilikuwa watu. Mhusika mkuu ni daktari kijana kutoka Scotland, na mwongozaji, Kevin Macdonald, alizaliwa Glasgow. Nembo nyingine ni ya DNA Films, mojawapo ya kampuni zilizoitengeneza; nayo ilikuwa miongoni mwa makundi matatu yaliyopewa mafungu ya bahati nasibu mwaka 1997. Bahati nasibu hiyo ilianza Novemba 1994, na mwananchi anayenunua tiketi dukani huchangia filamu bila kujua.

Mpango wa mikoa haukudumu kama ulivyoanza. Mwaka 2010 serikali mpya ilitangaza kuivunja UK Film Council, na mwaka uliofuata kazi yake ya kugawa fedha ikahamia BFI. Mengi ya mashirika ya mikoa yaliunganishwa kuwa Creative England. Yorkshire ilibaki na shirika lake, na mwaka 2012 ikaanzisha mfuko mpya kwa msaada wa fedha za maendeleo za Umoja wa Ulaya, mlango ambao ulikuja kufungwa Uingereza ilipojitoa kwenye umoja huo.

Siku hizi mhimili mkubwa ni kodi. Filamu ya sinema ambayo bajeti yake kuu haizidi pauni milioni 15, na ambayo mwandishi au mwongozaji wake ni Mwingereza au mkazi wa huko, inaweza kudai nafuu ya asilimia 53 ya gharama zinazostahili. Utaratibu huu unahusu filamu zilizoanza kurekodiwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2024. Baada ya kukatwa kodi, kwa kila pauni 100 hurudi karibu 40. Ila hurudi baada ya kutumika, kwa hiyo mtayarishaji hukopa kwanza, na riba inaingia kwenye bajeti.

Kisha inakuja foleni ya kulipwa. Mapato yakianza kuingia, msambazaji hukata chake, wakala hukata chake, mkopeshaji na wawekezaji hufuata, na mtayarishaji aliyekesha na filamu hiyo kwa miaka husubiri mwishoni kabisa. Naliona hili kuwa jeraha kubwa la mfumo mzima. BFI imejaribu kulitibu kwa kutenga sehemu ya fedha inazorudishiwa, ziwe akiba ya mradi ujao wa mtayarishaji huyo huyo.

Palikuwa na njia nyingine, na mimi bado naipenda. Mwaka 1982, Channel 4 ilipoanza, chama cha wafanyakazi wa filamu, BFI na vyombo vya sanaa vya mikoa walikubaliana na kituo hicho kugharamia vikundi vya filamu kwa mishahara ya kudumu, badala ya kugharamia filamu moja moja. Kimojawapo, Amber, kikundi cha watengenezaji filamu na wapiga picha, kilikuwa kimekwisha kuhamia Newcastle, kaskazini mashariki mwa England, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa ajili ya Seacoal, filamu ya mwaka 1985 kuhusu watu waliookota makaa ya mawe yaliyotupwa na bahari, Amber walinunua karavani katika kambi ya waokotaji huko Lynemouth, kwenye pwani ya eneo hilo, wakakaa nao. Mwaka 2011 kazi za Amber ziliingizwa kwenye rejista ya Uingereza ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO. Humo wamo waokotaji wa Lynemouth, pamoja na mikokoteni na farasi wao.