Je, wajua kwa nini Mlatino mmoja Marekani, yaani mtu mwenye asili ya Amerika ya Latini, anaitwa majina chungu nzima?

Ingia chuo fulani kule California au Texas, fomu inasema Hispanic, bango la ofisi ya wanafunzi linasema Latinx, chama cha wanafunzi ni cha Wachicano, halafu mwanafunzi mwenyewe ukimuuliza anakwambia mimi ni Mguatemala tu. Sasa kwa nini?

Hispanic ni neno la serikali. Mwaka 1976 Marekani ilitunga sheria ya kukusanya takwimu za watu wenye asili ya Kihispania, na sensa ya 1980 ikauliza swali hilo kila nyumba. Linafuata lugha ya Kispania, kwa hiyo mtu wa Madrid yumo ila Mbrazili hayumo manake kwao wanaongea Kireno. Latino linafuata eneo, yaani Amerika ya Latini, hapo Mbrazili anaingia, wa Madrid anatoka.

Chicano sasa ndo lina moto. Lilikuwa tusi kwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko, vijana wakalichukua wakajiita wenyewe kifua mbele. Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa sekondari walitoka madarasani mashariki ya Los Angeles wakidai historia yao ifundishwe na wasichapwe tena kwa kuongea Kispania shuleni. Yaani kuchapwa kwa lugha ya mama yako! Ukijua hilo huwezi kushangaa mtu akiling'ang'ania hilo jina.

Na Latinx? Sisi tukisema "mwanafunzi amefika" hakuna anayejua ni wa kike au wa kiume, Kispania hakikuachii hivyo, Latino ni mwanaume, Latina ni mwanamke, na wasichana tisini wakiwa na mvulana mmoja kundi zima linabeba -o. Ndo watu wakaweka x mwishoni, wengine wakaona x inakwama mdomoni kwa msemaji wa Kispania wakaleta Latine. Ila utafiti wa 2024 wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, ulikuta ni asilimia 4 tu ya watu wazima wa jamii hiyo wanaojiita Latinx, kwa hiyo bango la ofisi linaweza lisimguse mwanafunzi mwenyewe.

Hadi 2025 chuo kilichofikisha robo ya wanafunzi wa jamii hii kiliweza kuomba fedha za serikali kuu za kuwasaidia, na fedha ni muhimu, ila mimi naona msaada unaanzia chini zaidi. Kuna watoto wa Oaxaca, jimbo la kusini mwa Meksiko, ambao nyumbani wanaongea Kimixteki, lugha ya wenyeji wa huko, barua ya Kispania kwa mama yao haisaidii kitu, na huwezi kulijua hilo mpaka uulize. Kuna mwenye jina la Peña, kompyuta ya usajili haina ile ñ, kitambulisho kinatoka Pena. Peña ni jabali. Pena ni huzuni. Anatembea nacho shingoni miaka minne.