Replikesheni si bakapu, na siku ya kupandisha toleo ndiyo siku ya kulikumbuka hilo

Kila timu ya TEHAMA inapojiandaa kupandisha toleo la programu ya replikesheni, kuna sentensi lazima isikike: "Bakapu ya nini, wakati mashine zote zinarudufishwa kule DR?" DR ni kituo cha pili, cha kukimbilia maafa yakitokea. Anayeisema kwa kawaida si mgeni wa kazi. Mara nyingi ni mtu aliyefunga seva hizo kwa mikono yake, na wengine kikaoni wanamwamini. Ndiyo maana naona inafaa kueleza dhana hii polepole mara moja.

Replikesheni ya mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva, ni hivi: programu inafuatilia mabadiliko yanayoandikwa kwenye diski za mashine ya kituo kikuu, inayapeleka kituo cha pili, na huko inayaandika kwenye mashine pacha ambayo imezimwa. Kituo kikuu kikiungua, kikifurika au kikikosa umeme kwa muda mrefu, mashine pacha inawashwa na kazi inaendelea. RPO ni kipimo cha data ya muda gani mko tayari kuipoteza. RTO ni muda mnaojipa wa kurudisha huduma. Hyper-V Replica ya Microsoft ilipoingia na Windows Server 2012 ilikuwa inapeleka mabadiliko kila dakika 5, kisha toleo la 2012 R2 likaleta uchaguzi wa sekunde 30, dakika 5 au dakika 15. vSphere Replication ya VMware, iliyotoka mwaka 2011 pamoja na Site Recovery Manager 5.0, ilianzia dakika 15. Zerto, programu nyingine ya aina hiyo, yenyewe hupeleka mfululizo, haisubiri ratiba.

Maana ni hiyo tu. Tatizo liko kwenye kile ambacho replikesheni haifanyi.

Replikesheni haijui lililo sahihi na lililoharibika. Ni kama darasa la watoto wanaomfuatisha mwalimu kwa sauti: mwalimu akikosea neno, darasa zima linakosea naye. Mtu akifuta jedwali la malipo saa 10:10 jioni, na RPO yenu ni dakika 5, basi ifikapo saa 10:15 jedwali hilo limefutwa na kule kituo cha pili, kwa uaminifu kamili. Virusi vikifunga mafaili na kudai fidia, mafaili yaliyofungwa ndiyo yanayosafirishwa. Na kadiri mnavyoboresha RPO ndivyo kosa linavyofika haraka. Programu hapo haina hitilafu yoyote. Imefanya kazi iliyoundwa kuifanya.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Maersk, kampuni ya meli ya Denmark, Juni 2017. Mashambulizi ya NotPetya, programu haribifu inayofunga mafaili, yalipoingia kwenye mtandao wao, yalifuta hata seva zinazotunza majina na haki za watumiaji wote wa kampuni. Seva hizo zilikuwa karibu 150, zimesambaa duniani, na kila moja ilikuwa imepangwa ilingane na nyenzake. Hesabu waliyoizoea ilikuwa kwamba moja ikianguka, nyingine zipo. Hawakuwa wamejiandaa kwa siku ambayo zote zingefutwa kwa pamoja. Iliyopona ilikuwa moja tu, katika ofisi yao ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio na seva ikawa nje ya mtandao. Nakala iliyowaokoa ni ile ambayo kwa wakati ule haikuwa inarudufishwa.

Hapa najua jibu linalokuja: programu za siku hizi zina vituo vya kurudi nyuma, yaani hali za mashine za nyakati zilizopita ambazo unaweza kuzirejea. Ni kweli, na ni jambo zuri. Hyper-V Replica inaweza kutunza hadi vituo 24 vya kila saa, vSphere Replication nayo inaweza kutunza hadi 24, na kumbukumbu ya Zerto inaweza kwenda hadi siku 30. Lakini tazameni vinakaa wapi na nani ana mamlaka juu yake. Vinakaa pamoja na mashine pacha yenyewe, mara nyingi kwenye hifadhi ileile, na programu ileile inayorudufisha ndiyo inayoviandika na kuvifuta. Kwenye vSphere Replication, ukisimamisha kabisa replikesheni ya mashine bila kuchagua kubakiza diski zake, mafaili ya pacha yanafutwa. Tena kosa la hesabu huonekana mwisho wa mwezi, wakati mhasibu anafunga vitabu. Kwa anayetunza saa 24, limeshapita zamani. Bakapu ni nakala ya wakati fulani, iliyokaa mbali na mfumo, ambayo mfumo wenyewe hauna ruhusa ya kuigusa.

Sasa turudi kwenye kupandisha toleo, kwa sababu siku hiyo ndipo watu huegemea replikesheni kuliko siku nyingine, na ndiyo siku ambayo replikesheni ina uwezo mdogo kabisa wa kuwabeba. Seva ya replikesheni inapozimwa ili iwekewe toleo jipya, mashine za kituo kikuu zinaendelea kufanya kazi, ila mabadiliko hayaendi popote. Yanaandikwa tu kwamba yapo. Kazi ikiisha salama, yaliyorundikana ndiyo yanapelekwa. Rekodi hiyo ya mabadiliko ikipotea, programu inalazimika kusoma diski nzima pande zote mbili na kulinganisha kipande kwa kipande, na kwa diski kubwa kwenye laini nyembamba hilo si jambo la usiku mmoja. Katika muda wote huo RPO iliyoandikwa kwenye mkataba ni maandishi tu.

Kuna na suala la mpangilio. Kutoka Windows Server 2012 kwenda 2012 R2, seva ya zamani iliweza kupeleka kwenye seva mpya, lakini mpya haikuweza kupeleka kwenye ya zamani. Kwa hiyo kituo cha pili ndicho kilichotakiwa kutangulia. Wengi walilifuata hilo vizuri. Walichosahau ni kwamba kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho hapakuwa na njia ya kurudi: mkilazimika kuhamia kituo cha pili katikati ya kazi, hamuwezi kugeuza mwelekeo na kurudufisha kuelekea kituo kikuu mpaka nacho kiwe kimepanda. Kwa upande wa VMware, mtu akipandisha toleo la maunzi pepe (vifaa vya kiprogramu ambavyo mashine pepe inaviona kama vyake) ya mashine kwenye kituo kikuu huku seva za kituo cha pili zikiwa za toleo la zamani lisilolijua, pacha itakuwepo lakini haitawaka.

Na bakapu nayo huumizwa na toleo. Tarehe 31 Januari 2017, GitLab, kampuni ya huduma ya kutunzia msimbo wa programu, walikuwa wanahangaika na replikesheni ya hifadhidata iliyokwama. Hiyo si ya mashine pepe, lakini somo ni lilelile. Katika kuianzisha upya, mhandisi akafuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Alipositisha, kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki kama GB 4.5. Walipokimbilia bakapu za kila siku wakakuta hazipo: programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo la 9.2 la PostgreSQL, programu ya hifadhidata waliyoitumia, wakati hifadhidata yenyewe ilikuwa toleo la 9.6, hivyo ilikuwa inashindwa, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zinakataliwa na mfumo wa kupokea barua. Kilichowarudisha ni snapshoti, yaani picha ya hali ya diski kwa wakati fulani, iliyokuwa na umri wa kama saa 6.

Kwa hiyo, wenzangu, tuirekebishe kidogo ile sentensi. Tunapopanga kazi ya kupandisha toleo, tuseme kwamba replikesheni ipo kwa ajili ya siku kituo kinapotea, na bakapu ipo kwa ajili ya siku data inaharibika. Kabla ya kazi, bakapu ya mashine muhimu ichukuliwe, na pia ya seva ya replikesheni yenyewe pamoja na hifadhidata yake, iwekwe mahali ambapo akaunti za programu hiyo haziingii. Baada ya kazi, rangi ya kijani kwenye skrini isitutoshe, maana inasema tu kwamba data imefika. Tuziwashe mashine pacha kwenye mtandao uliotengwa, mtu wa idara husika aingie kwenye mfumo na kutafuta muamala anaoufahamu. Na mkuu akiuliza kikaoni kama tuna bakapu, tumtajie tarehe ya mwisho tuliyorejesha faili kutoka humo. Hali ya replikesheni tumpe akiuliza habari za kituo cha pili.