Bei ya Nunavut si tamaa ya mwenye duka

Wengi wakiona bei za vyakula Nunavut, kaskazini mwa Kanada, humrukia mwenye duka: mlanguzi huyo! Kwa sehemu kubwa wanamwonea. Jamii 25 za huko hazina barabara ya kuziunganisha. Meli za mizigo hufika barafu ikiyeyuka tu, takriban Julai hadi Oktoba. Basi duka huagiza unga, sabuni na misumari ya mwaka mzima kwa mkupuo, kisha mtaji unalala ghalani. Ghala nalo lazima lipashwe joto, la sivyo vyakula vya makopo huganda na kufumuka. Umeme wenyewe ni wa jenereta za dizeli. Kilichosahaulika huja kwa ndege, kwa bei ya kilo, hata kama ni boksi la skrubu.

Cha kuuliza ni faida inaishia wapi. Katika duka la ushirika, wanachama ndio wamiliki, na ziada hugawiwa kulingana na manunuzi ya kila mmoja. Ushirika wa Kinngait, mojawapo ya jamii hizo, ulioanza 1959, umejulikana zaidi kwa sanaa ya kuchapa picha: picha huchongwa kwenye jiwe, hupakwa wino, karatasi ikalazwa juu na kusuguliwa kwa mkono. Picha hizo za karatasi ni nyepesi kusafirisha kwa ndege, tofauti na unga.