Visikilizi siku ya mbio: uvivae au uviache begini?

Aliyepita shule ya bweni au JKT hahitaji kufundishwa kwamba wimbo unamkimbiza mtu. Saa kumi na moja alfajiri, macho bado yana tongotongo, kiongozi anaanzisha, kundi linaitikia, na kabla hamjafika kona ya kwanza mguu wako wa kushoto umeshajua ushukie neno gani. Waliokuwa wakijivuta nyuma wanajikuta ndani ya mstari. Wakati ule hakuna aliyetuambia kwamba mchakamchaka ni somo zima la sayansi ya michezo, tena lina breki yake ndani. Mkifika kilimani uitikiaji unafifia, maneno yanakatika katikati, na kiongozi mwenye akili anapunguza mwendo. Ukiweza kuimba, pumzi bado unayo. Ukishindwa, umevuka mpaka.

Nimeanzia huko kwa sababu msimu wa mbio unapokaribia, hasa zile wiki za kabla ya Kilimanjaro Marathon, sisi tunaoshughulika na tiba ya michezo huulizwa swali lilelile kwa sura nyingi: nivae visikilizi au nisivae? Nasema visikilizi kwa maana ya aina zote, za waya, zisizo na waya, na hedifoni kubwa za kufunika sikio lote. Jibu langu fupi ni kwamba uvivae mazoezini, na siku ya mbio uviache begini. Maelezo yake ni marefu kidogo, na yana "lakini" zake.

Kwanza muziki upewe haki yake. Jina linalotajwa sana katika utafiti huu ni Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London. Mwaka 2020 yeye na wenzake, wakiongozwa na Peter Terry wa Australia, walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 139 kuhusu muziki na mazoezi. Walikuta kwamba anayesikiliza muziki hujisikia vizuri zaidi, huona kazi ni nyepesi kidogo, hufanya vizuri kidogo zaidi, na hata matumizi ya oksijeni huwa na unafuu mdogo. Mapigo ya moyo tu ndiyo hayakubadilika kwa kiasi cha kuhesabika. Hapo kwenye moyo ndipo mkimbiaji anapaswa kusimama na kufikiri. Moyo unaendelea kuvuta mzigo uleule, ila habari za mzigo huo zinafika kichwani zikiwa zimepunguzwa sauti.

Uzito wa kazi anaouhisi mtu tunaupima kwa kipimo cha Borg, kilichobuniwa na mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Borg. Kinaanzia 6, yaani umekaa tu, mpaka 20, yaani huwezi tena. Mtu yuko kwenye mashine ya kukimbilia, unamwonyesha namba, anataja. Yule anayesema 13 akiwa kimya, ukimwekea wimbo anaoupenda atakwambia 12, pengine chini ya hapo, na mashine hujaigusa. Umakini wa binadamu ni kama mlango mwembamba. Muziki ukishaingia, malalamiko ya mapaja yanabaki yamepanga foleni nje.

Lakini mlango huo una bei yake. Kasi ikipanda ukavuka kile kiwango ambacho pumzi inakuwa fupi na huwezi kumaliza sentensi, mapafu na misuli hawabishi hodi tena, wanauvunja mlango. Tafiti zinaonyesha kwamba kwenye kazi ya juu namna hiyo muziki hauwezi tena kukushushia namba ya Borg. Unaweza kukufanya uyaone mateso si mabaya sana, na hilo nalo ni jambo, lakini uzito wa kazi utauhisi wote. Kwa mkimbiaji wa marathoni maana yake ni hii: kilomita ya 5, ambapo hukuhitaji msaada wowote, muziki unakusaidia sana. Kilomita ya 35, ambapo ungempa hata pochi mtu wa kukusaidia, msaidizi wako ameshaondoka.

Na ule msaada wa kilomita ya 5 ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Wanaoijua njia ya Kilimanjaro Marathon, kule Moshi, wanajua kwamba marathoni kamili inaanza kwa upole, unakwenda barabara kuu ya kuelekea Dar es Salaam na kurudi, halafu nusu ya pili ndiyo unageuzwa uso kutazama mlima na kupanda kuelekea Mweka. Anayeanza mbio zile akiwa na kiitikio kitamu masikioni anazila zile kilomita tambarare kama karanga. Anajisikia mwepesi. Pale alipopaswa kusikia "punguza, bado kuna kilima," anasikia ngoma. Kupanda kunapoanza, deni linadaiwa lote kwa mkupuo.

Vijana wa Dar wananiuliza kuhusu singeli, na naona swali hilo ni zuri kuliko wanavyodhani. Singeli inapita mapigo 200 kwa dakika, wakati wakimbiaji wengi hupiga hatua kama 160 hadi 180 kwa dakika. Ukijaribu kuufuata mdundo ule hatua kwa hatua utaishia kurukaruka kama kuku aliyekanyaga moto. Wanaoipenda huchukua pigo moja na kuacha jingine, au hawaifuati kabisa, wanaitumia kupandisha mori tu. Kinachofanya kazi vizuri zaidi kwenye kukimbia mfululizo ni wimbo ambao mapigo yake yanagawanyika sawasawa na hatua zako. Kama unapiga hatua 170, wimbo wa mapigo 85 utakupa pigo moja kwa kila hatua mbili. Mchakamchaka ulikuwa unafanya hivyohivyo bila mtu kushika kalamu.

Mwaka 1977 Wamarekani wawili, William Morgan na Michael Pollock, walichapisha kazi kuhusu vichwa vya wakimbiaji wa marathoni, na mpaka leo wanafunzi wa saikolojia ya michezo wanaisoma. Wakimbiaji wa kawaida, walikuta, hujisahaulisha. Huyu anahesabu, yule anakumbuka shule, mwingine anajenga nyumba nzima kichwani, tofali kwa tofali. Watafiti walitarajia kwamba mabingwa nao hufanya vivyo hivyo, tena kwa ustadi zaidi. Wakakuta kinyume chake. Mabingwa walikuwa wamo ndani ya miili yao muda wote, wakikagua pumzi, mabega, mashavu ya miguu, wakiamua kila baada ya muda mfupi kama waongeze au wapunguze. Hawakuwa wanakimbia maumivu. Walikuwa wanayasoma.

Mnaikumbuka Septemba 15, 2025, kule Tokyo. Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, kwa saa 2:09:48, na Mjerumani Amanal Petros akaandikiwa muda huohuo. Tofauti ilikuwa sehemu 3 za mia za sekunde. Petros alikuwa mbele, Simbu akamfikia utepeni. Sidai kwamba mbio zile ziliamuliwa na sikio. Ila nikiwatazama wale waliokuwa kwenye kundi la mbele, wanabanana, wanapimana, mmoja akivuta tu mwingine anajibu, naona watu ambao kila kiungo chao cha kupokea habari kilikuwa kazini. Na hata kama mmoja wao angetaka muziki, asingeruhusiwa.

Maana kuna sheria. Kanuni za riadha za dunia zinahesabu redio, simu na vifaa vya namna hiyo ndani ya eneo la mashindano kuwa ni msaada usioruhusiwa. Sababu moja ni wazi: chombo kinachokuletea muziki kinaweza pia kukuletea sauti ya kocha. Marekani ilikwenda mbali zaidi mwaka 2007 ikapiga marufuku kwa washiriki wote, kisha mwishoni mwa 2008 ikalegeza, marufuku ikabaki kwa wanaogombea ubingwa, medali au fedha za zawadi. Mwaka uliofuata, 2009, katika marathoni ya Lakefront mjini Milwaukee, yakatokea ya kusikitisha na kuchekesha kwa pamoja. Mwanamke aliyemaliza wa kwanza aliondolewa kwa kupokea maji kwa mtu nje ya kituo kilichopangwa. Wa pili akapandishwa kuwa mshindi, naye akaondolewa, kwa sababu alionekana na iPod akiisikiliza sehemu ya njia. Ushindi ukaangukia kwa wa tatu. Uingereza tangu 2016 hairuhusu visikilizi vya kuingiza sikioni kwenye mbio za barabara ambazo hazijafungwa kabisa kwa magari, ingawa vile vinavyopitisha sauti kwenye mfupa na kuliacha tundu la sikio wazi vinakubalika. Kwenye triathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo) na mashindano yake marefu ya Ironman ni marufuku moja kwa moja. Kabla ya kulipia namba yako ya kifuani, soma kanuni za mbio hizo. Wengi huzisoma wakishaondolewa.

Hapa huwa naletewa mfano wa Haile Gebrselassie, bingwa wa mbio ndefu wa Ethiopia, na ni mfano wa kweli. Mwaka 1998 mjini Birmingham alivunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 ya ndani ya ukumbi, dakika 4:52.86, huku spika za ukumbi zikipiga wimbo wa dansi uliovuma miaka ile, ambao mwenyewe aliomba upigwe kwa sababu uliendana na hatua zake. Tazameni tu mambo mawili. Muziki ule ulikuwa hewani, kila mpinzani aliusikia. Na ilikuwa chini ya dakika tano ndani ya ukumbi, bila bodaboda.

Bodaboda. Mbio zetu nyingi hufungiwa upande mmoja wa barabara, na upande wa pili maisha yanaendelea. Nimekaa kwenye hema la huduma ya kwanza misimu kadhaa, na sitaji mbio wala mtu, lakini kuna kijana mmoja bado namwona. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Alikuwa anayumba, magoti yanagongana, jasho limekauka usoni na kuacha mistari myeupe ya chumvi. Mhudumu wetu alimwita mara nne, ya nne kwa kupiga yowe. Hakugeuka. Pikipiki ya kubeba maji ilikuwa inakuja nyuma yake ikipiga honi, na honi nayo hakuisikia. Ikabidi mhudumu aingie barabarani amshike mkono. Tulipomlaza na kumwagia maji, visikilizi bado vilikuwa vinapiga ndani ya masikio yake, kwa sauti ya juu kiasi kwamba mimi niliyesimama pembeni niliutambua wimbo. Joto likiupanda ubongo, mtu hajitambui kwamba hajitambui. Wa kumwambia ni watu wa nje, na njia yao ya kumfikia ni sikio.

Na sauti yenyewe ile. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza mpaka saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu. Anayejiandaa kwa marathoni anakimbia saa tano, sita, wengine zaidi kwa wiki, na barabarani, pembeni ya daladala, mkono wenyewe unapandisha sauti ili kuishinda injini. Ukitoka mazoezini masikio yanalia "ziii", umeshazidisha.

Sasa zile "lakini" zangu. Kama unakimbia kilomita 5 za kujifurahisha na watoto, barabara imefungwa, hugombei chochote na kanuni zinaruhusu, sitakuja kukuvua visikilizi. Kuna watu msongamano wa pale mwanzo unawatia hofu ya kweli, mapigo yanapanda kabla hawajapiga hatua. Hao nawaambia wasikilize wanachokipenda wakati wa kupasha mwili, waweke kifaa begini dakika kumi kabla ya mlio wa kuanza. Muziki wa kabla ya mbio una faida nyingi na madhara machache, nashangaa unatumika kidogo. Na kwenye mazoezi mepesi ya peke yako, njia salama, sauti ya chini, sikio moja wazi, sioni ubaya. Ila katika zile mbio ndefu za Jumamosi, angalau moja kati ya mbili ifanye bila chochote masikioni. Mwili utakaousikia kwa mara ya kwanza siku ya mashindano utakutisha bure.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa makamo, alinibishia sana kuhusu hili. Hajawahi kukimbia kilomita 21 bila nyimbo zake za kwaya, alisema, na hakuona kwa nini aanze uzeeni. Tukakubaliana ajaribu Jumamosi tatu. Ya kwanza ilikuwa adhabu, akanitumia ujumbe wa kunilaumu. Ya pili alianza kuimba mwenyewe kwa sauti ya chini, na hapo akagundua kuna mahali wimbo unakatika, daima mahali palepale, kilima kidogo karibu na kanisa. Akaanza kupunguza mwendo pale. Ya tatu alinipigia simu mchana.

"Daktari, mguu wangu wa kushoto unapiga kelele."

Nikamuuliza kelele gani. Akasema unagonga lami, pa, kuliko wa kulia, na amekimbia miaka sita hajawahi kuusikia. Jumatatu alikuja, nikamkalisha kitandani nikapima vifundo. Cha kulia hakikuwa kinakunja vizuri, alikitegua zamani akiteremka ngazi na hakukitibu, kwa hiyo mguu wa kushoto ulikuwa unawahi kushuka na kuubeba mzigo wa wote wawili. Nilimpa mazoezi ya kupandisha na kushusha kisigino kwenye ngazi hiyohiyo ya nyumbani kwake, mara kumi na tano asubuhi, mara kumi na tano jioni.