Kabla ya Carnegie, alikuwepo Edwards
Wengi huamini kwamba maktaba za umma Uingereza zilianza kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie. Sivyo. Maktaba yake ya kwanza ilifunguliwa Dunfermline, Uskoti, mwaka 1883. Sheria ya kuruhusu miji kuanzisha maktaba za umma ilikwisha kupitishwa 1850, Carnegie akiwa bado kijana tarishi wa telegrafu huko Marekani. Aliyeipigania bungeni ni William Ewart, lakini takwimu na hoja nyingi alizitoa Edward Edwards, mtoto wa fundi uashi, ambaye kazi yake ilikuwa kuorodhesha vitabu British Museum, jumba la makumbusho la London. Sheria yenyewe ilikuwa na kituko: kodi iligharimia jengo, ila haikuruhusiwa kununua vitabu! Manchester ilipofungua maktaba yake 1852, mkutubi alikuwa Edwards. Mwaka 1858 akaachishwa kazi.