Leza haifuti kovu kama chaki ubaoni

Wengi huamini kwamba leza hufuta kovu au mikunjo papo hapo. Picha za kabla na baada hushawishi, kwa hiyo imani hiyo inaeleweka. Leza ya kaboni dioksidi, yenye mawimbi ya urefu wa nanomita 10,600, huchemsha maji yaliyomo ngozini na kuondoa tabaka jembamba la juu. Joto lake huamsha kolajeni mpya, yaani protini inayoipa ngozi uimara, nayo hujengeka kwa miezi. Kovu hulainika na kufifia, lakini alama hubaki. Siku za mwanzo ngozi huvimba, hutoa majimaji, kisha hubambuka. Wenye ngozi nyeusi, tafadhali ulizeni mapema kuhusu madoa yanayoweza kufuata.

Ukitazama picha za kabla na baada, linganisha mwanga, pembe na vipodozi. Uliza pia picha ya pili ilipigwa baada ya muda gani.