Mvi Pekee Hazitoshi: Dhana Potofu Kuhusu Wakristo Wazee na Waumini Vijana

Paulo alipomwandikia Tito, aliyekuwa akitengeneza mambo ya makanisa machanga katika kisiwa cha Krete, alitaja wazee mara mbili. Katika sura ya kwanza anamwagiza aweke wazee katika kila mji. Katika sura ya pili anasema wazee wawe wenye kiasi, wastahivu, wenye busara. Anayesoma kwa Kiswahili huona neno lilelile na kudhani watu ni walewale. Sivyo. Kigiriki kinatumia maneno mawili yanayokaribiana: la kwanza ni la wenye wadhifa wa kuongoza kanisa, la pili ni la wanaume waliokula chumvi nyingi, basi, wawe na cheo au wasiwe nacho. Na mara baada yao wanafuata wazee wa kike.

Naanzia kwenye neno hilo kwa sababu ndilo lililoizaa dhana ya kwanza.

“Kulea vijana kiroho ni kazi ya mchungaji na wazee wa kanisa”

Yupo mama mzee katika karibu kila kanisa ambaye hajawahi kushika kipaza sauti. Hukaa mahali palepale kila ibada, huimba, hutoa sadaka, huenda zake. Ukimwuliza anamfundisha nani, atakucheka. Kufundisha ni kwa wenye vyeo, yeye ni muumini tu.

Lakini Tito 2:3-4 inamhusu yeye hasa. Inataka wazee wa kike wawe “wafundishao mema”, kisha inataja somo lenyewe: wawatie wanawake vijana akili, wawapende waume zao na watoto wao. Ebu tazama somo hilo. Halifundishiki vizuri mimbarani. Mhubiri anaweza kusema “mpendeni mume” kwa dakika arobaini na msichana aliyeolewa juzi akarudi nyumbani hajui aanzie wapi jioni ambayo wamenuniana. Anayeweza kumwonyesha ni yule aliyewahi kununiwa, akanuna, akajifunza kurudi.

Loisi, bibi yake Timotheo, ametajwa mara moja tu katika Biblia nzima, 2 Timotheo 1:5. Hana hotuba, hana muujiza, hana cheo. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, na Paulo anapoitafuta asili ya imani ya kijana huyo hamtaji baba. Anamtaja bibi, halafu mama yake, Eunike. Mtu aliyekuja kukabidhiwa kanisa la Efeso alikuwa ameyajua maandiko tangu utoto, na mikono iliyoanza kazi hiyo ilikuwa ya bibi.

“Penye wazee haliharibiki neno”

Methali nzuri, naipenda. Ila ni methali. Maandiko hayatoi hakikisho hilo. Mithali 16:31 inakiita kichwa chenye mvi taji ya utukufu, kisha inaongeza papo hapo: “kama kikionekana katika njia ya haki.” Mvi zaweza kuonekana kwenye njia nyingine pia.

Mfano unaonitisha kuliko wa Sulemani aliyegeuka moyo uzeeni, ambao wengi wanaujua, ni wa mfalme Asa. Alipokuwa bado na nguvu zake alivamiwa na Zera Mkushi mwenye jeshi kubwa mno, akamlilia Mungu, akashinda. Ukisoma 2 Mambo ya Nyakati 14 unasema huyu ndiye kielelezo. Ruka sura mbili. Mwaka wa 36 wa kutawala kwake, adui mdogo zaidi anamsumbua, naye hamwombi Mungu. Anatoa fedha na dhahabu za hekalu, anamkodi mfalme wa Shamu. Nabii Hanani anakuja kumwonya, anatiwa gerezani. Mwaka wa 39 anaugua miguu, ugonjwa unazidi, bado hamtafuti Bwana. Mwaka wa 41 anakufa.

Kilichompata Asa hakikuwa uasi wa ghafla. Alizoea. Uzoefu ulianza kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na sala, na kwa kuwa uzoefu hufaulu mara nyingi, hakuona tofauti. Hili ndilo jaribu hasa la muumini wa miaka mingi, na halifanani na majaribu ya ujana. Kijana anajua anapoanguka. Mzee anaweza kuanguka akiwa amekaa kitini, anaongoza kikao, na kila mtu anaitikia amina.

“Kielelezo hapaswi kuonekana amekosea”

Hapa nitakaa kidogo, maana dhana hii imefukuza vijana wengi kuliko tunavyokiri.

Sikiliza shuhuda za waumini wa zamani. Nyingi zina umbo moja: nilikuwa mlevi, nilikuwa mwizi, nilikuwa mgomvi, nikaokoka, Bwana asifiwe. Ushuhuda unaishia siku ya kuokoka. Miaka thelathini iliyofuata haina kosa hata moja, haina usiku wa mashaka, haina kipindi ambacho sala zilikauka. Kijana aliyeokoka mwaka jana na juzi amemtukana mdogo wake anasikiliza, anapiga hesabu. Huyu mzee hakuanguka tena. Mimi nimeanguka mara tatu wiki hii. Basi mimi sikuokoka kweli. Na mzee wa watu anadhani amemtia moyo!

Neno la Kigiriki linalotafsiriwa “kielelezo” katika 1 Petro 5:3, 1 Timotheo 4:12 na Tito 2:7 ni *typos*. Maana yake ya msingi ni alama inayobaki mahali palipopigwa, kama chapa ya muhuri. Ni neno hilohilo lililomo katika Yohana 20:25, pale Tomaso anaposema hatasadiki mpaka azione kovu za misumari. Sitaki kujenga teolojia nzima juu ya neno moja, watu wameshafanya hivyo wakaharibu. Lakini ni vizuri kujua kwamba neno tunalolisikia kama “picha safi isiyo na doa” lilitoka kwenye pigo na alama yake.

Petro mwenyewe, anayewaambia viongozi wawe vielelezo kwa lile kundi, alimkana Bwana mara tatu, na kila kanisa lilijua. Miaka baadaye, akiwa tayari nguzo ya kanisa, alijitenga na waumini wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, mezani kule Antiokia kwa kuwaogopa Wayahudi waliotoka kwa Yakobo, akakemewa na Paulo mbele ya watu wote. Wagalatia 2 haikumfichia. Hata hivyo 2 Petro 3:15 inamwita Paulo “ndugu yetu mpenzi”. Kijana anayetaka kujua Mkristo aliyekomaa anafanyaje akikosolewa hadharani, aanze hapo.

Nilipokuwa kijana, mzee mmoja alinifokea katika kikao kwa kosa ambalo halikuwa langu. Wiki iliyofuata alisimama mbele ya walewale waliokuwapo akasema, “Nilikosea, na nilikosea mbele yenu, kwa hiyo naomba radhi mbele yenu.” Sikumbuki hubiri lake hata moja. Sentensi ile ninayo mpaka leo.

Kuna mpaka, bila shaka. Kukiri si kumwaga kila uchafu mbele ya watoto wa kiroho, na si kujisifu kwa dhambi za zamani huku macho yakimeta. Ukimwacha kijana akiwa na hamu ya kosa kuliko hamu ya toba, umesimulia vibaya.

“Kumheshimu mzee ni kutomkosoa”

1 Timotheo 5:1 inasema mzee asikemewe, bali aonywe kama baba. Watu wengi huishika nusu ya kwanza na kuiacha ya pili. Aonywe: maana yake anaweza kukosea, na kijana anaweza kumwambia. Kinachobadilika ni sauti, namna, mahali. Aya ya 19 hadi ya 20 za sura hiyohiyo zinakwenda mbali zaidi kuhusu viongozi: mashtaka dhidi ya mzee yasikubaliwe bila mashahidi wawili au watatu, lakini wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Utaratibu huo unamlinda mzee asichafuliwe kwa uvumi, na unalilinda kundi lisinyamazishwe kwa jina la heshima.

Nalisema wazi kwa sababu limewahi kutumika vibaya. Mtu mzima anayemtaka kijana atunze siri inayomuumiza, iwe ya mwili, ya fedha au ya dhamiri, huyo hafai kutiiwa katika jambo hilo, hata awe na mvi za theluji. Paulo aliweka sharti la kufuatwa kwake katika 1 Wakorintho 11:1: mnifuate kama mimi ninavyomfuata Kristo. Pale anapoacha kumfuata Kristo, na wewe unasimama.

Na upande wa pili: kijana naye anaagizwa kuwa kielelezo. Timotheo hakuambiwa asubiri. “Mtu awaye yote asiudharau ujana wako, bali uwe kielelezo kwao waaminio.” Wao waaminio, na wenye mvi wakiwamo.

“Vijana wa siku hizi hawataki wazee”

Samweli mtoto aliitwa usiku mara tatu, na mara zote tatu alikimbilia kwa Eli. Hakumkimbilia kwa sababu Eli alikuwa mzazi bora. Wanawe walikuwa aibu ya hekalu na yeye hakuwazuia. Alimkimbilia kwa sababu Eli alikuwa karibu. Chumba cha pili. Macho ya mzee yalikuwa yamefifia, na hakutambua mpaka mara ya tatu kwamba ni Bwana anayemwita mtoto. Lakini alipotambua hakumwambia, “Nisubiri, nitakuja nimsikilize mimi.” Alimfundisha la kujibu, akamrudisha kulala.

Asubuhi yake ndiyo iliyo ngumu. Ujumbe aliopewa mtoto ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli, na Samweli aliogopa kuusema. Eli akamwita, akamtaka asimfiche hata neno moja, na aliposikia yote akasema Bwana na afanye alionalo kuwa jema. Katika maisha yenye makosa mengi, huyo ndiye Eli aliyemkuza nabii: aliyekubali kusikia jambo baya juu yake mwenyewe kutoka kinywani mwa mtoto.

Tunaposema vijana hawatutaki, tuulize kwanza kama tuko chumba cha pili au tuko mbali tunawatumia jumbe za kusambaza alfajiri. Wengi wanaolalamika kuwa hawaulizwi ushauri walishawahi kuulizwa. Walijibu kwa hotuba, au kwa “sisi zamani zetu”, au siri ikarudi kwa mwenyewe kupitia mtu wa tatu. Siri ikivuja mara moja inatosha.

“Nimeshamaliza, sasa ni zamu yao”

Wapo wanaostaafu utumishi kabisa, na wapo wasioachia kiti mpaka wabebwe. Wa pili hupenda sana kumnukuu Kalebu, aliyesema akiwa na miaka 85 kwamba bado ana nguvu kama siku ile Musa alipomtuma. Ila Kalebu hakuomba cheo. Aliomba mlima wenye adui.

Mfano unaonifaa zaidi umejificha katika Hesabu 8, sura isiyosomwa sana. Walawi walianza kazi ya hema ya kukutania wakiwa na miaka 25, na wakifika 50 waliacha kazi ile nzito. Hawakufukuzwa. Waliendelea kuhudumu pamoja na ndugu zao, wakiulinda ulinzi, bila kubeba mizigo. Mzigo ulihamia mabega mengine, na aliyekuwa akiubeba alisimama pembeni, akijua kila kamba inafungwa wapi. Musa naye aliweka mikono juu ya Yoshua mbele ya kuhani na mkutano wote angali hai, ili watu waone mamlaka yakihama kwa hiari. Kukabidhi mtu akiwa kitandani anakufa ni kuwapa vijana ugomvi wa urithi.

Ana, nabii wa Luka 2, alikuwa mjane wa umri mkubwa. Hesabu ya 84 inayotajwa wengine huielewa kuwa ni miaka ya maisha yake, wengine kuwa ni ya ujane wake. Alifunga na kuomba hekaluni usiku na mchana, na siku mtoto Yesu alipoletwa alikuwapo, akawasimulia waliokuwa wakitazamia ukombozi. Hakuwa na idara.

Karibu na katikati ya karne ya 2, Polikarpo, askofu wa Smirna, aliambiwa amlaani Kristo apate kuachiliwa. Akajibu kwamba miaka 86 amemtumikia Kristo, na Kristo hajamtendea yeye ovu lolote. Akauawa. Jibu hilo limekuwa maarufu. Lakini Irenaeus, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Lyon, alimfahamu Polikarpo alipokuwa kijana, na alipomwandikia rafiki yake wa zamani aliyekuwa akipotoka katika mafundisho, alitaja mambo mengine. Alisema anayakumbuka ya siku zile kuliko yaliyotokea juzi: mahali yule mzee alipokuwa akikaa anapozungumza, namna alivyoingia na kutoka, sura ya mwili wake, na jinsi alivyokuwa akisimulia habari za Yohana.